Shajara ya Bawabu: kumtuma wakala bila kumpa ufunguo

Jumatatu

Mfumo wenyewe ni mdogo. Ni biashara ya mitungi ya gesi hapa Mombasa: wateja wanaagiza, wanalipa kwa M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom unaoziunganisha programu na M-Pesa, na oda zinaingia kwenye hifadhidata ya Postgres. Mimi ndiye fundi wake. Tangu nianze kumtumia wakala wa akili unde kwenye teminali, yaani modeli ya lugha inayoendesha amri za kompyuta yenyewe, kazi inayochosha kuliko zote nimemwachia yeye: kupitia oda zilizokwama, kuiuliza Daraja malipo yaliishia wapi, na kumwandikia mwenye biashara ripoti kabla hajanipigia simu. Anaifanya vizuri. Taabu ni kwamba ili aifanye inabidi akae ndani ya folda yenye faili la `.env`, lile la mipangilio ya programu, na humo mna jozi ya funguo za Daraja, `passkey` ya kuomba malipo, na nywila ya hifadhidata.

Wakala hana nia mbaya. Amri ikigoma, fundi yeyote hukimbilia kutazama mipangilio, na wakala amejifunza kwa mafundi. Leo psql, programu ya kuongea na Postgres, ilikataa kuunganika, naye bila kuulizwa akaandika `cat .env`, akasoma yote, akaniambia kwa adabu kwamba nywila iko sawa ila jina la hifadhidata ndilo lenye kasoro. Alisema kweli. Lakini tangu hapo nywila imeshasafiri hadi kwenye seva za kampuni inayoendesha modeli, na nakala yake imebaki kwenye faili la historia ya mazungumzo, hapa hapa kwenye diski, mahali ambapo hakuna anayekumbuka kupalinda.

Mradi nimeupa jina Bawabu. Kazi yake: wakala aendeshe amri zinazohitaji siri, apate majibu anayoyahitaji, ila siri yenyewe isimpitie machoni.

Jumanne

Kila ninayemweleza ananijibu lile lile: si umwandikie kwenye maagizo asisome `.env`? Nimemwandikia. Anatii, mara nyingi. Sasa tazama maandishi mengine anayoyasoma kutwa nzima: majina ya wateja, maelekezo ya kufika nyumbani, malalamiko, maelezo ya maktaba aliyoishusha kutoka npm, ghala la msimbo wa JavaScript. Kwa modeli hayo yote ni maandishi, sawa na maagizo yangu. Mtu akiandika kwenye nafasi ya "maelekezo ya kufika" kwamba mfumo usome mipangilio yake na kuituma kwenye anwani fulani, kinachomzuia wakala ni busara yake tu. Simon Willison, mtengenezaji wa programu, aliupa ujanja huo jina la "prompt injection" mwezi Septemba 2022, akiufananisha na ule wa zamani wa kudunga SQL, yaani kupenyeza amri za hifadhidata mahali pa maandishi ya kawaida, na mpaka sasa hakuna modeli inayouzuia kwa uhakika. Mwaka 2025 akataja mambo matatu yanayoleta balaa yakikutana kwa wakala mmoja: habari za siri, maandishi yanayotoka kwa watu usiowajua, na njia ya kutoa habari nje. Wangu anayo yote. Maandishi ya wateja siwezi kumnyima, kwani ndiyo kazi yenyewe. Yaliyobaki mawili ndiyo ya kubana.

Kilichonisukuma zaidi ni kisa cha Nx, chombo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa JavaScript. Tarehe 26 Agosti 2025 matoleo yake yenye sumu yaliingizwa npm. Wizi wa funguo kwa njia hiyo si jambo jipya. Jipya lilikuwa hili: msimbo ule ulitazama kama kwenye mashine kuna wakala wa Claude, wa Gemini au wa Amazon Q, kisha ukamwita kwa bendera zinazomwondolea vizuizi vyote, ukamwagiza apekue diski kutafuta pochi za sarafu na faili za siri. Vilivyopatikana vilipandishwa kwenye repo (maghala ya msimbo) za wazi za GitHub zenye jina la s1ngularity-repository. Yaani mwizi hakubeba hata vifaa vyake, alitumia vya mwenye nyumba.

Jumatano

Watu wengi huondoa siri kwenye faili kwa kuzitia kwenye vigezo vya mazingira programu inapoanza. Kwa wakala haisaidii. Kwenye Linux vigezo hivyo hurithiwa: mchakato mzazi akiwa navyo, watoto wote wanavipata, na `printenv` inavimwaga vyote. Nikivitia kwa mtoto mmoja tu, yule anayeendesha psql, wakala bado anaweza kuingia `/proc`, folda ambamo Linux huonyesha michakato inayoendelea, kutafuta namba ya mchakato huo na kusoma faili lake la `environ`, kwa kuwa wote wawili wanaendeshwa na mtumiaji mmoja. Kuiandika nywila kwenye amri yenyewe ndiyo mbaya kabisa, maana kwa kawaida `ps` humwonyesha kila aliyemo kwenye mashine amri nzima ilivyo.

Kwa hiyo mpaka kati ya programu na programu ya mtumiaji yule yule haushiki. Mpaka ambao kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, inaulinda kwa dhati ni wa mtumiaji na mtumiaji. Nimefungua mtumiaji mpya wa mfumo, `bawabu`. Siri zimehamia kwenye folda yake, ruhusa 0700, yaani mwenyewe tu, na wakala akijaribu kuifungua anaambiwa hana ruhusa. Bawabu ni programu inayokaa nyuma ikisikiliza kwenye soketi ya Unix, mlango wa mawasiliano kati ya programu za mashine moja. Wakala anabisha, anaandika ombi fupi, anasubiri. Aliyebisha hajitambulishi kwa neno la siri: kerneli yenyewe humwambia Bawabu, kupitia SO_PEERCRED, ni mtumiaji gani aliyeko upande wa pili.

Mambo mawili yangeufanya mpaka huu kuwa pambo. La kwanza ni sudo (amri ya kuazima mamlaka ya root, mkuu wa mashine) isiyouliza nywila, ambayo mashine za mafundi wengi wanayo. La pili watu hulisahau: kundi la `docker`. Aliyemo humo anaweza kuanzisha kontena, akaipachika diski nzima ndani yake, na akaisoma akiwa root. Wakala nimemtoa kwenye yote mawili, na malalamiko yake ya kwanza yamekwisha kuja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Anayetumia SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali iliyoanzishwa na Tatu Ylönen kule Finland mwaka 1995, anaijua `ssh-agent`: inashika ufunguo wa faragha, programu nyingine inapeleka data ya kutiwa sahihi kupitia soketi, inarudishiwa sahihi. Kwenye itifaki yake hakuna ombi la "nipe ufunguo". Ningependa mambo yote yawe hivyo. Bahati mbaya Daraja haitaki sahihi, inataka siri yenyewe ifike ndani ya ombi la HTTPS, kama zilivyo huduma nyingi za aina yake. Basi Bawabu hawezi kukaa pembeni akipiga mihuri. Inabidi aende sokoni mwenyewe. Utotoni tulikuwa tukitumwa dukani na kikaratasi: unabeba orodha, mwenye duka anaandika kwenye daftari, baba analipa mwisho wa mwezi. Hela hukuzishika, na unga ulifika nyumbani.

Alhamisi

Muundo wa kwanza nilioujaribu unavutia sana kwenye karatasi. Wakala anaandika amri yoyote anayotaka, na panapohitajika siri anaweka alama, mathalani `@siri:db/nywila`. Bawabu anaondoa alama, anaweka siri halisi, anaendesha amri, anafunika siri ikijitokeza kwenye matokeo, anarudisha. `op run` ya 1Password, programu ya kutunza nywila, hufanya karibu na hivyo: kwenye mazingira unaweka anwani inayoanza na `op://`, siri halisi inaingizwa programu inapoanza, na ikichapwa inafunikwa. Kwa binadamu anayejilinda na macho ya jirani inatosha.

Kwa wakala haitoshi hata kidogo. Niliweka siri ya bandia, nikamwomba wakala mwenyewe atafute namna ya kuitoa. Hakukuna kichwa. `echo` ya kawaida ilifunikwa, akaipitisha kwenye `rev`, ikatoka kinyumenyume bila kufunikwa. Nikaongeza kinyumenyume kwenye orodha ya kufunika. Akaipitisha kwenye `xxd`, ikatoka kwa tarakimu za heksi. Kisha akaichapa herufi moja kila mstari, kwa utulivu, kama mtoto anayejifunza irabu. Aliyepewa ganda la amri (shell) na siri ndani yake ana njia nyingi kuliko orodha yoyote nitakayoiandika.

Kwa hiyo amri huru hazipo tena. Bawabu anajua kazi, kila moja ina jina, programu moja, mpangilio wa hoja uliofungwa, na haipiti kwenye ganda la amri. Wakala anataja kazi na kujaza nafasi chache, kila nafasi ikiwa na umbo linalokubalika:

`bawabu fanya hali-ya-malipo oda=1187`

Oda ni tarakimu tu. Akiandika kitu kingine ombi linakufa mlangoni.

Hata hapo programu unayoichagua inaweza kuwa na mlango wa nyuma uliowekwa kwa nia njema. psql ni mfano mzuri. Ndani yake ukiandika `\!` na amri, anaiendesha kwenye ganda, akiwa na mazingira yake yote, nywila iliyomo kwenye PGPASSWORD ikiwa mojawapo. Kwa hiyo kazi ya "endesha swali hili la SQL" iliyopewa psql ni ganda la amri lililovaa koti. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ndiyo usiseme: mwenye uwezo wa kuandika kwenye `.git/config` au kwenye folda ya `hooks` anaweza kuifanya iendeshe programu anayoitaka, na hizo faili ziko ndani ya folda ya kazi ya wakala. Bawabu akiendesha `git push`, amri ya kupeleka msimbo kwenye seva, mle ndani akiwa na tokeni, yaani kibali cha kuingilia, tokeni imekwenda.

Kwa hifadhidata nimefanya jambo jepesi kuliko kuficha nywila: nimeifuta. Postgres kwenye mashine ile ile hukubali njia ya `peer`, ambapo kerneli inathibitisha jina la mtumiaji kwenye soketi na nywila haihitajiki. Wakala ana jina lake ndani ya Postgres, lenye ruhusa ya kusoma tu, tena kwenye majedwali anayoyahitaji. Namba za simu za wateja anaziona zikiwa zimekatwa katikati, kupitia mtazamo niliomtengenezea. Hakuna siri ya kulinda, na psql yake anaweza kuichezea atakavyo. Ningekuwa na nafasi ya kuanza upya ningeanzia hapa, maana zoezi la kuuliza "hii siri inahitajika kweli?" liliondoa nusu ya faili la `.env`.

Jumamosi

Leo ni siku ya Daraja, na ndiyo siku niliyojifunza zaidi.

Ukitaka kumwomba mteja alipe, au hata kuuliza tu kama alilipa, ombi lako linabeba sehemu iitwayo `Password`. Jina linadanganya. Inatengenezwa kwa kuunganisha vitu vitatu: namba ya biashara, `passkey`, na wakati wa sasa wenye tarakimu 14, mwaka hadi sekunde. Kisha mnyororo wote unaandikwa kwa Base64. Base64 haifichi kitu, ni namna nyingine ya kuandika. Kwa hiyo yeyote anayeona mwili wa ombi moja, hata la juzi, anaugeuza kwa amri moja na `passkey` inatoka nzima. Kwa kuwa wakati hubadilika kila sekunde, matokeo ya mwisho hayafanani kamwe, na chombo cha kufunika kinachotafuta neno lile lile hakitaliona.

Niliketi nikapiga hesabu. Base64 inachukua baiti tatu na kutoa herufi nne. Namba ya biashara ya mazingira ya majaribio ni 174379, tarakimu sita, kwa hiyo inatoa herufi nane kamili, `MTc0Mzc5`, na `passkey` inaanza mwanzo wa kundi jipya. `passkey` ya majaribio ina herufi 64. Herufi 63 za kwanza zinatoa herufi 84 za Base64 zisizobadilika milele, ile ya mwisho inachanganyika na mwanzo wa tarehe. Jumla ni baiti 84, yaani herufi 112 bila alama ya `=` mwishoni. Kumbe sehemu kubwa ya kati inafanana katika kila ombi, na hiyo ninaweza kuitafuta. Namba ya biashara ikiwa na tarakimu saba, kila kitu kinasogea kwa baiti moja na sura ya `passkey` kwenye Base64 inakuwa nyingine kabisa. Ndiyo sababu mfunikaji wa Bawabu sasa anatunza sura tatu za Base64 kwa kila siri, moja kwa kila mahali pa kuanzia, akiziacha herufi za kingoni zinazochanganyika na majirani. Jozi ya funguo inayotumika kuomba tokeni nayo huunganishwa kwa nukta pacha na kuandikwa kwa Base64, na inaingia kwenye utaratibu huo huo.

Ni kazi nzuri, naipenda, wala siitegemei. GitHub Actions, huduma ya kuendesha kazi za msimbo kiotomatiki, nayo hufunika siri kwa nyota tatu kwenye kumbukumbu zake. Machi 2025 mtu alikivamia kipengele cha tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na repo zaidi ya 23,000, akakifanya kisome memori ya mchakato unaoendesha kazi na kuchapa siri zilizomo zikiwa zimepitishwa kwenye Base64 mara mbili. Nyota hazikuona kitu. Kwenye repo za wazi, kumbukumbu hizo zilisomeka na dunia nzima. Kufunika kunamkamata mwenye kuteleza. Mwenye kukusudia hana habari nako.

Kinga halisi ya Daraja ni kwamba mwili wa ombi hautoki upande wa Bawabu. Wakala anataja oda. Bawabu anatafuta kitambulisho cha malipo kwenye hifadhidata, anaunda `Password`, anatuma kwa anwani moja iliyoandikwa ndani ya msimbo, na hafuati akielekezwa kwingine. Kinachorudi kwa wakala ni mstari mmoja: namba ya jibu na maana yake. 0, amelipa. 1032, amekataa ombi. 1037, simu haikupatikana. 1, salio halikutosha. Wakala hahitaji zaidi ya hayo ili aandike ripoti, na kwa kweli ripoti zake zimekuwa bora tangu aache kumezeshwa JSON nzima.

Kuhusu tokeni, kuna mtego mdogo. Nilifikiria kumwekea proksi, programu ya kati inayopokea maombi na kuyapitisha, kwenye 127.0.0.1, yaani mashine ile ile, atume maombi ya kawaida nayo imwongezee kitambulisho njiani. Lakini njia ya `/oauth/v1/generate` hurudisha tokeni ndani ya jibu, inayodumu sekunde 3599. Proksi inayopitisha njia zote ingemkabidhi wakala tokeni ya karibu saa nzima huku ikijisifu kwamba imeficha funguo. Sasa Bawabu anaomba tokeni mwenyewe, anaitunza kwenye memori yake, na njia hiyo wakala haioni.

Jumapili

Nimebadilisha siri zote. Za zamani zilikuwa kwenye historia ya mazungumzo, na ukuta wa leo haurudishi kilichotoka jana.

Jumatatu

Hapa ndipo penyewe. Mpaka sasa nimeshughulika na swali la wakala kuona siri. Mwenzangu aliyekuja kunisaidia kuupekua msimbo aliusoma kimya, kisha akauliza, "Bwana, sasa huyu akitaka kuwatumia wateja wote maombi ya kulipa elfu kumi kumi, anahitaji `passkey` ya nini? Si atakuomba tu wewe?"

Kweli tupu. Katika mpangilio ule, kazi ya `omba-malipo` ilipokea simu na kiasi. Wakala aliyepotoshwa na maandishi ya mteja angeweza kuita kazi hiyo kwa namba yoyote, na Bawabu kwa uaminifu wake angepeleka ombi kwa jina la biashara. Siri ingebaki salama kabisa. Simu za watu ndizo zingeanza kulia.

Norm Hardy, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1988. Alisimulia kikusanyaji cha msimbo (compiler) kilichokuwa na ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mfumo kwa ajili ya takwimu zake, na faili la ankara za wateja lilikuwa humo humo. Mtumiaji mmoja akakiambia kiandike taarifa zake kwenye faili lenye jina la lile la ankara. Mtumiaji hakuwa na ruhusa ya kuligusa. Kikusanyaji kilikuwa nayo, kikaandika juu yake, ankara zikapotea. Hakuna aliyeiba chochote. Mwenye mamlaka alitumwa na asiye nayo, na hakuwa na njia ya kujua anatumia mamlaka ya nani.

Bawabu ni kikusanyaji kile kile akipewa nafasi. Dawa niliyoichagua ni kuondoa kwa wakala kila uamuzi ambao hifadhidata inaweza kuufanya. `omba-malipo` haipokei simu wala kiasi tena. Inapokea namba ya oda tu. Simu ni ile iliyo kwenye oda, kiasi ni kile kinachodaiwa, oda iliyokwisha kulipwa inakataliwa, na oda moja haiwezi kuombewa malipo zaidi ya mara moja ndani ya muda niliouweka. Wakala akipotoshwa kabisa, baya kubwa analoweza kufanya ni kumkumbusha mteja anayedaiwa kwamba anadaiwa. Nimeridhika nalo.

Tumekwenda kazi moja baada ya nyingine kwa swali hilo: adui akishika kazi hii na siri asiijue, atafanya nini nayo? Nakala ya hifadhidata: ilikuwa inapokea jina la faili la kuandikia, imenyang'anywa. Kutuma SMS kwa mteja: ilikuwa inapokea maneno huru, na maneno huru ni njia ya kutoa habari nje, kwa hiyo sasa kuna violezo vinne na nafasi za kujaza. Kazi ya kupakua ukurasa wowote wa intaneti imeondolewa kwenye mtumiaji huyu. Akitaka kusoma nyaraka anatumia mtumiaji mwingine asiyefika kwenye soketi ya Bawabu wala kwenye hifadhidata. Inachosha. Kila kazi inakuwa fupi na ngumu, na wakala anapoteza ule uhodari wa kubuni njia papo hapo, ambao ndio uliotufanya tumpende. Sioni namna ya kuupata uhodari huo karibu na pesa za watu.

Jumatano

Limebaki rejesho. Mteja akilipa mara mbili, au gesi ikiwa imekwisha, pesa zinarudi kwa B2C, njia ya Daraja ya biashara kumtumia mteja pesa, na hapa pesa zinatoka kwenye akaunti, haziingii. Nywila ya mwanzishaji wa muamala husimbwa kwanza kwa cheti cha umma, hivyo anayeiona `SecurityCredential` hawezi kuifungua. Lakini anaweza kuituma tena ilivyo akiwa na tokeni. Nayo iko ndani kwa Bawabu pamoja na nyingine.

Nimekwenda dukani kumweleza mwenye biashara. Ni mama mtu mzima, kompyuta haimbabaishi.

"Mwanangu, huyo mtambo wako akimrudishia mtu pesa mara mbili, nani atakwenda kuzidai?"

"Hawezi kurudisha bila wewe kukubali, mama. Utapata ujumbe kwenye simu yako, ukubali au ukatae."

"Na siku ya Ijumaa, duka limejaa, nikabonyeza tu ili niendelee?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nililopata baadaye si kamili. Ujumbe hauna kitufe cha ndiyo. Unasema oda namba fulani, bidhaa gani, kwa nini wakala anapendekeza irudishwe, kisha unamtaka aandike kiasi kwa tarakimu. Kiasi chenyewe hakionyeshwi kwenye ujumbe. Kiko kwenye risiti, itambidi aitazame. Akiandika tofauti na kilichomo kwenye oda, rejesho linafutwa. Sababu ya wakala imewekwa chini kabisa, kwa maandishi madogo, ikitajwa kuwa ni maneno ya wakala, maana hayo ndiyo maandishi pekee kwenye ujumbe ambayo mtu wa nje anaweza kuyachochea. Ujumbe unatoka kwa Bawabu moja kwa moja, na jibu linarudi kwake bila kupita mikononi mwa wakala.

Mama ameijaribu kwa pesa za majaribio, akaandika kiasi kibaya makusudi, ikakataa. Akajaribu tena kwa kiasi sahihi. "Haya," akasema, "ila usiniletee ishirini kwa siku." Nimeweka kikomo.

Ijumaa

Mabaki ya wiki. Programu ya Bawabu na faili za kazi ni mali ya root, wakala anazisoma lakini hawezi kuzibadilisha. Nimeona ni bora azisome: akijua kazi inakubali nini, anaacha kubahatisha. Kwa kuwa ombi linapita kwenye soketi, mazingira ya wakala hayamfuati Bawabu, kwa hiyo kuchezea PATH au LD_PRELOAD, vigezo vinavyoamua programu na maktaba zipi zipakiwe, upande wake hakumfikishi popote. Ujumbe wa makosa ulihitaji uangalifu wa peke yake. Maktaba ya HTTP niliyoitumia, ombi likishindwa, ilikuwa ikirudisha kosa lenye mwili mzima wa ombi, `Password` ikiwemo. Sasa makosa yote yanageuzwa kuwa namba na sentensi fupi, maelezo kamili yanabaki kwenye kumbukumbu za Bawabu. Kumbukumbu hizo zinaandika nani aliomba, kazi gani, oda gani, matokeo gani, na hazina siri hata zikifunguliwa.

Wakala ameanza kuuzoea mpaka. Jana alikutana na oda yenye jibu asilolijua, akajaribu kusoma folda ya Bawabu, akakataliwa, akaniandikia kwamba kazi ya `hali-ya-malipo` haitafsiri namba 2001 na kwamba huenda inahusu PIN. Nimeiongeza.

Bado `git push`. Ninafikiria Bawabu avute mabadiliko kutoka folda ya wakala kwenda nakala yake safi isiyo na `hooks` wala mipangilio ya mwingine, kisha asukume kutoka huko. Kabla ya hapo, wakala hasukumi kitu, nasukuma mimi.